Na Wenzake

Jumatatu, 3 Februari

Shemeji,

Sikupigii simu, kwa sababu nikisikia sauti yako nitatamka maneno ambayo mama, aliyekaa chumba cha pili, hastahili kuyasikia. Afadhali niandike.

Jana mama aliniletea simu yake. "Mkwe," akasema, "hii programu ya mwanangu imenikasirikia." Ni ile programu ya kampuni yenu ya kutumiana picha, uliyomwekea mwenyewe ulipokuja Desemba. Alikuwa anafungua picha aliyotumiwa na mdogo wake, ikakwama, na kwenye skrini yakatokea maneno haya: "Picha imegoma. Ibembeleze, ujaribu tena."

Mama aliyasoma kwa sauti. Kisha akaketi. Mimi nikatoka nje nikaenda kusimama karibu na bomba bila sababu.

Wewe na mimi tunajua nani aliyaandika. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayemwambia mtu aibembeleze simu. Maneno hayo yamo ndani ya Punje, na hayamo kwingine kokote.

Nikafungua ukurasa wenu wa "Kuhusu programu hii", pale mnapowashukuru watu mlioazima kazi zao. Nimewakuta wa kila namna. Aliyechonga herufi yumo. Aliyetengeneza kalenda yumo. Hata aliyechora kile kipipa cha taka cha kufutia picha mmemshukuru, tena kwa adabu. Punje haimo.

Acha nikukumbushe, kwa kuwa unajifanya umesahau. Punje ni maktaba ya msimbo niliyoiandika na mke wangu, dada yako wa tumbo moja. Inabana picha iwe ndogo kabla haijatumwa na kuifungua salama upande wa pili, hata kwenye simu duni yenye bando la kuungaunga. Tukaiweka wazi. Yeyote aichukue, aitie kwenye programu yake, aiuze, atajirike nayo, hatudai kitu. Sharti ni moja: mahali itakapotumika, walioiandika watajwe. Mstari mmoja! Mtu anaweza kuunakili huku anapiga miayo.

Mstari huo mmoja umekushinda. Na hata mwaka haujaisha tangu tumzike.

Nani ameufuta? Nataka jibu, na lisiwe la kuzungukazunguka.

Shemeji yako

*

Jumatano, 5 Februari

Shemeji,

Wewe hukunisalimu, nami sikusalimu.

Kwanza punguza moto. Unaniandikia kana kwamba mimi ni mmoja wa wanafunzi wako pale chuoni uliyemkamata akichungulia mtihani wa mwenzake. Mimi naongoza timu. Kila toleo letu, kabla halijaenda kwenye duka la programu, linapitishwa kwenye zana ya kupunguza uzito. Zana hiyo inapalilia kila kisichotumika, na mara nyingine inang'oa mche pamoja na magugu. Mstari wenu umeng'olewa. Basi. Toleo lijalo tutauangalia.

Pili, kwa kuwa umeanza wewe kukumbushana, nami nikukumbushe. Nilipokuwa naipachika Punje kwenye programu yetu, kwenye aina moja ya simu ilikubali bila shida. Kwenye aina ya pili kila picha ilitokea imelala ubavu. Bibi harusi amelala, watoto wa shule wamelala, nchi nzima imelazwa wodini. Nikakupigia. Hukupokea. Nikapiga tena na tena. Mwisho nikaandika kwenye ukurasa wenu wa maswali, hadharani, kama mpita njia yeyote. Unakumbuka ulivyojibu? "Si kosa letu. Soma maelezo." Ukalifunga swali.

Mimi! Wiki chache baada ya msiba! Unadhani nilikuwa natafuta dawa ya picha tu? Nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza naye. Haya, nikasoma maelezo. Niliyasoma yote, kila neno alilolipanga dada, nikazigeuza picha zile mwenyewe, bila wewe.

Kwa hiyo usiniletee habari za heshima ya marehemu.

Mama msalimie. Mwambie simu yake nitaishughulikia.

Shemeji yako

*

Alhamisi, 6 Februari

Shemeji,

Umenidanganya, tena uongo wa kivivu.

Zana yako iling'oa Punje ikamwacha mchora pipa la taka? Nimeyatafuta matoleo yenu ya zamani, nikayafungua moja baada ya jingine. Kwenye toleo la kwanza mstari wetu upo, umekaa vizuri. Kwenye lile lililofuata, haupo, na kila kitu kingine kwenye ukurasa ule kiko kama kilivyokuwa, mpaka nukta. Zana haichagui hivyo. Zana haina shemeji wa kumchukia.

Ni mkono wa mtu. Kama si wako, nitajie wa nani. Usiponitajia, Ijumaa ijayo nitaandika hadharani kwenye ukurasa wa Punje, kisha nitamwandikia bosi wako, yule aliyesema kwenye mahojiano kwamba teknolojia hii "tumeibuni wenyewe, kuanzia sifuri".

Kuhusu lile swali lako, siku zile niliwajibu hivyo watu wote. Sikusoma majina ya waliouliza. Sikuwa nasoma kitu.

Na ukitaka kunitukana, nipigie. Jumamosi niko nyumbani kutwa.

Shemeji yako

*

Jumapili, 9 Februari

Wanangu wawili,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mkwe ataipiga picha na kumtumia mwenzake, nami nitasimama nyuma yake kuhakikisha hajaruka ukurasa, kwa sababu sasa sijui nimwamini nani, wa ndani wala wa nje.

Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Nimeamua ugomvi wa penseli, wa kifutio, wa nani akae karibu na dirisha. Watoto wale walikuwa na aibu kuliko ninyi.

Jana mlipigiana simu. Mkwe alifunga mlango, lakini milango ya nyumba hii ni ya mbao nyembamba, na ninyi sauti zenu ni za kuuzia mitumba. Nimesikia "mwizi". Nimesikia "wewe ndiye uliyemchosha dada yangu mpaka akafa". Aliyesema hilo la pili namjua, maana nilimwona aliyeambiwa alivyotoka chumbani.

Mwanangu, sikia. Dada yako hakuchoshwa na mtu. Aliugua. Mimi nilikuwa pale nikimgeuza kitandani, na huyu unayemtukana alikuwa upande wa pili akimshika miguu. Wewe ulikuwa kwenye simu, unauliza anaendeleaje. Neno hilo ukilirudia, usikanyage hapa.

Nawe mkwe, mwanangu si mwizi mpaka aseme mwenyewe. Na akiwa mwizi, ni mwizi wangu, mkono wa kumchapa ni huu hapa.

Mnagombania jina. Jina lile nililitoa mimi. Nilikuwa nimempakata, hajafumbua macho vizuri, baba yenu anataka jingine, nikasema hapana, ni hili. Hakuna kati yenu aliyenijia akaniuliza, "Mama, unataka jina la mwanao likae wapi?" Wote wawili mnajua zaidi yangu!

Basi nawajibu bila kuulizwa. Nalitaka mahali nitakapoliona.

Mwenye kosa alitaje kosa lake. Nangoja, na sipendi kungoja.

Mama yenu

*

Jumatatu, 10 Februari

Shemeji,

Lile neno la kumchosha nalirudisha. Nilipekua kichwani linalouma kuliko yote, nikalipata, nikalirusha. Sina utetezi hapo.

Mengine sirudishi.

Ni mimi niliyefuta. Haya, umefurahi? Sasa sikia kwa nini.

Toleo la kwanza niliunakili mstari wenu kama ulivyokuwa: majina mawili, la dada mbele, lako nyuma. Nilijivuna nao. Nilimwonyesha jirani yangu wa meza, nikamwambia, "Huyu wa mbele ni dada yangu." Baadaye mkatoa Punje mpya, yenye kasi zaidi. Nikaichukua. Sharti linasema mtu anakili mstari neno kwa neno, kwa hiyo nikafungua faili la leseni ninakili. Nikakuta mstari umeandikwa upya. Jina lako. Halafu maneno mawili: "na wenzake".

Wenzake!

Nililisoma mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Dada yangu, aliyezitoa kichwani mwake hesabu zote za kubana zile picha. Wewe mwenyewe ulisimama msibani mbele ya watu ukasema kichwa kilikuwa chake, wewe ulikuwa mkono tu. Udongo haujakauka, umeshamfanya "wenzake", kama vibarua waliokubebea mchanga. Na sasa mimi, mdogo wake, ninakili hilo kwa vidole vyangu nilipeleke kwenye simu za watu?

Nikaona afadhali pasiwe na jina la yeyote. Nikafuta. Na ningefuta tena.

Sasa mwandikie bosi. Andika hadharani. Ila usisahau kuliweka na hilo "na wenzake", watu wasome.

Mdogo wa marehemu

*

Jumanne, 11 Februari

Shemeji,

Nimefungua faili. Ni kweli.

Sikuliandika mimi, lakini nimelipitisha mimi. Kuna mtu wa kujitolea, yuko mbali huko, sijui hata sura yake, aliyekuwa akitusafishia mafaili: kupanga nafasi, kusahihisha tarehe. Akaona wachangiaji wanaongezeka, akafupisha. Jina la mwenye akaunti, na wenzake. Akaunti imefunguliwa kwa jina langu, basi likabaki langu. Akanitumia nikubali, nikabonyeza "kubali". Ilikuwa zile zile wiki nilizokufungia swali lako. Kila kilichokuja mbele yangu nilikibonyeza kiondoke, kama mtu anayefukuza nzi usoni.

Nimeurudisha mstari. Jina lake mbele. Asubuhi hii nimetoa toleo jipya zima, na hakuna kilichobadilika ndani yake ila hicho. Watu wameanza kuuliza toleo zima la nini kwa mstari mmoja. Waulize mpaka wachoke.

Lakini ungeniambia! Ungenitukana siku ile ile, ningezinduka, ningerekebisha saa ile ile. Badala yake umelimeza miezi yote, umekuja hapa Desemba, umekula mezani kwangu, umecheka, umemwekea mama programu isiyo na jina la mwanawe, ukamwonyesha pa kubonyeza. Huo ni moyo gani?

Na bado sijakuachia. "Wenzake" lilikuwa letu, la ndani. Bosi wako je? Anaposema wameibuni wenyewe, nani aliyemwambia? Mtu akifuta mstari kwa uchungu, anafuta, basi. Hapandi cheo juu yake. Ilikuwa sababu, au kisingizio?

Nijibu hilo.

Shemeji yako

*

Jumatatu, 17 Februari

Wiki nzima, kimya.

Kumbe kisingizio. Jumatano naandika hadharani, na safari hii nakutaja. Nimemwambia mama. Hajanikataza.

Mume wa dada yako

*

Ijumaa, 21 Februari

Shemeji,

Sikukujibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinitia aibu. Ilikuwa vyote viwili. Nilifuta kwa uchungu, nikanyamaza kwa faida. Bosi aliona picha zinafunguka upesi kwenye simu za bei ya chini, akasimama mbele ya timu akasema, "Kijana wetu amebuni kitu." Kusema "hapana, si mimi" ni kazi ya pumzi moja. Nikatabasamu. Haukupita muda nikawa kiongozi wa timu.

Barua yako ya Jumatatu niliisoma nikiwa kazini. Jumanne nikaomba kumwona bosi. Akamwita na mwanasheria wa kampuni, tukakaa kwenye kile chumba cha vioo ambako kila anayepita anakuona unavyokemewa.

"Kwa hiyo si kazi yako?" bosi akauliza.

"Kuipachika ni kazi yangu. Kuibuni ni kazi ya dada yangu na mumewe."

"Huyo dada yako anataka nini?"

"Amefariki."

Mwanasheria akaweka kalamu chini, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi amebaki mmoja," akasema. "Mmoja tutazungumza naye."

Shemeji, nimewahi kukasirika maishani. Na wewe nimekukasirikia mpaka nikakurushia lile neno. Lakini pale nilijua kwamba nilikuwa bado sijakasirika.

Nikawaambia hakuna cha kuzungumza na mtu. Ni mstari mmoja, nauweka sasa hivi mkiwa mmekaa hapo hapo. Bosi akatikisa kichwa. Kuna watu wanataka kuinunua kampuni, na wameshaambiwa kila kitu ndani ya programu ni chetu. Mstari ule utazua maswali.

"Itoe hiyo Punje yote," akasema. "Tafuta nyingine uipachike. Picha zikichelewa kidogo, hakuna atakayekufa."

Alinitamkia hivyo mimi, machoni, maneno yangu bado hayajapoa mezani.

Nikasema sawa. Nikarudi kwenye meza yangu nikachukua toleo lako, lile la mstari mmoja. Nikalipachika kwenye aina zote mbili za simu. Nikatoa simu zote za majaribio kwenye droo, mpaka ile yenye kioo kilichopasuka, nikajaribu kila moja, kwa sababu sikutaka mtu apate la kusema kuhusu kazi ile. Kisha nikafungua ukurasa wa shukrani nikaunakili mstari neno kwa neno. Jina lake. Kisha lako. Funguo za kupeleka toleo dukani anazo kiongozi wa timu, na kiongozi nilikuwa bado mimi. Jumatano asubuhi nikatuma.

Jana kadi yangu ya mlango ikakataa. Mlinzi, ambaye tumekuwa tukitaniana kila siku, akanitolea kikombe na chaja ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuweza kuniangalia. Nimemwaga unga. Wamelizuia toleo lile, na wiki ijayo watatoa jingine lisilo na Punje. Waliowahi kusasisha wanalo, mpaka watakaposasisha tena.

Sikufanya ili unisamehe, usijidanganye. Bado nina hasira na wewe kwa kuniacha nje ya msiba wa dada yangu kana kwamba ulikufiwa peke yako. Nina hasira na bosi, na mwanasheria, na huyo msafisha mafaili asiye na sura. Nina hasira na dada. Ametuachia kazi ya kumtetea, na yeye ndiye pekee kati yetu aliyejua kugombana vizuri.

Kama umeshaniandika hadharani, umeandika kweli. Sitajibu.

Shemeji yako

*

Jumapili, 23 Februari

Shemeji,

Jumatano nilikuwa nimeshaandika. Kurasa mbili za moto mtupu, na wewe umo tangu mstari wa pili. Nikataka kuambatisha ushahidi, picha ya ule ukurasa wenu usio na jina. Nikafungua programu, ikaniambia kuna toleo jipya. Nikasasisha huku natukana, nikijua nitakuta yale yale. Nikakuta jina lake.

Kurasa zangu nikazifuta. Hata kuzifuta nilikasirika, maana zilikuwa zimeandikwa vizuri.

Sikukuandikia siku ile kwa sababu nilidhani kampuni imeogopa barua zangu, nikawa najipongeza. Kumbe ni wewe peke yako, na funguo zako. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikimsomea mama. Nilipofika kwenye maneno ya bosi wako kuhusu kufa, mama alisimama akaenda jikoni, nikasikia sufuria zinapangwa upya kwa vishindo. Kisha akarudi akasema, "Endelea."

Simu yake nilimsasishia siku hiyo hiyo ya Jumatano. Nilimwonyesha ukurasa. Akaongeza ukubwa wa herufi, akaongeza, akaongeza, mpaka jina likajaa skrini kutoka ukingo hadi ukingo, langu likasukumwa nje kabisa. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuigusa simu ile. Ikimwambia isasishwe, anaijibu, "Kaa hapo hapo." Nimemweleza kwamba kampuni itayafunga matoleo ya nyuma, kwamba siku moja programu haitafunguka na picha hazitakuja tena. Akaniambia, "Picha wataniletea kwa mkono. Wana miguu."

Nadhani hapo alikuwa anakusema wewe.

Mimi sijakusamehe. Ulichonirushia kwenye simu kingali sikioni, na kumwaga kwako unga hakukukitoa. Lakini la kukuacha nje ya msiba umenipata. Sikukuacha kwa kusahau. Una sauti yake. Kila ulipopiga simu niliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Ningelisema hilo Desemba kama ningekuwa mwanamume wa kutosha. Nikakupa chakula badala yake.

Nimewaandikia mabosi wako kuhusu yale matoleo yote yaliyokwenda kwa watu bila jina. Wamejibu kwa maneno laini, wanataka "kuzungumza". Nitazungumza nao, tena kwa sauti, na nataka ukae kiti cha pembeni yangu uwaangalie usoni. Kwa hiyo usibadilishe namba.

Njoo Jumamosi asubuhi. Mama amesema atatoka, aende kwa mdogo wake, atupishe tugombane kwa nafasi. Anataka mchana akirudi akute tumemaliza.

Mimi nimemwambia mchana ni mapema mno.

Shemeji yako